Mkono Usiojua Kugusa

Jumatano, baada ya magharibi

Nimeaibika leo dukani kwa Bwana Nassor, mpaka sasa masikio yananiwaka.

Aliniletea tableti mbili za kuchorea kutoka Dar. Moja ina kioo kinachoonyesha mchoro, nyingine haina, unachora huku macho yako kwenye kompyuta. "Jaribu zote, Mwanaidi. Utakayoichagua ndiyo utakayonichorea maua ya kanga."

Nikajaribu. Hakuna iliyotoa hata mstari. Nikamwambia, tena kwa ukali, kwamba ameuziwa mbovu zote mbili.

Akachukua kalamu, akaigandamiza. Mstari ukatoka.

"Mwanangu, mbona unachora hewani?"

Miaka yote ya kupaka maharusi hina nimejisifu kwamba bibi harusi hasikii ncha ya koni. Unaining'iniza juu, hina inashuka yenyewe kama uzi. Ndivyo mama alivyonifundisha. Sasa piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, imeniunguza vidole, daktari amenikataza nisiiguse tena, na mimi kazi ninayoijua ni kuchora tu. Hizi kanga zikinishinda, sijui...

Nilirudia mpaka adhana. Nikigandamiza, maua yanatoka kama ya mtoto wa chekechea. Nikijisahau, hayatoki kabisa. Nusura nilie mbele yake.

Nimechagua isiyo na kioo. Bwana Nassor anadhani nimependa ukubwa wake. Kwenye ile ya kioo mchoro unatokea chini ya kalamu, kama kwenye kiganja cha mtu, na mkono wangu ukiona kiganja unajinyanyua wenyewe.