Shubiri Nne na Vidole Viwili

Fundi Assani, ndugu yangu,

Nimeandika barua nyingi maishani mwangu, na karibu zote zilikuwa za malalamiko: kwa wakuu wa shule, kwa ofisi ya maji, kwa wazazi wa watoto watoro. Hii nayo ni ya malalamiko. Umekufa kabla hujamaliza kazi yangu. Ulisema mvua haitatukuta na bafu lililobomolewa. Mvua ilitukuta. Wewe ilikukuta umelala kule makaburini, na mimi ilinikuta nanawa uso uani, mbele ya majirani, mzee mzima niliyewafundisha nusu ya majirani hao kusoma.

Nimekasirika, Assani. Nakuambia wewe kwa sababu wengine wote wamechoka kunisikiliza.

Tuanze mwanzo, kama inavyotakiwa. Unajua jinsi Mama Feza alivyoanguka. Aliinama kuchota maji katika ndoo, sakafu ilikuwa na sabuni, nyonga ikavunjika. Alipotoka hospitalini, binti yetu Feza alimchukua kwake Likasi, akaniambia: «Baba, mama harudi Lubumbashi mpaka ile bafu itengenezwe.» Nikakuita wewe. Nilitaka uzibe nyufa na uweke sakafu isiyoteleza, basi. Wewe ukakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukatazama kuta kwa muda mrefu kama mtu anayetazama mgonjwa, kisha ukaniambia: «Mwalimu, hapa tunavunja yote.»

Siku ya tatu ulikuja na mkokoteni kutoka Karavia. Kule mkubwa mmoja alikuwa anabadilisha nyumba yake na kutupa vitu vya wazungu waliokuwa wakiishi humo, nawe ukaokota beseni jeupe la kunawia, lenye mguu wake mmoja mnene kama nguzo ya kanisa. Ninyi mnaiita lavabo. Nilikuuliza mtu ataweka wapi sabuni, maana beseni la namna hiyo limesimama peke yake kama mlinzi, halina hata mahali pa kuweka kitana. Ulicheka. Ulikuwa umekwisha kufikiri. Wiki ileile ukaleta jiwe la graniti, jeusi lenye chembe za kijivu, lililokuwa meza ya bucha la Mgiriki aliyefunga duka na kuondoka. Mama Feza alipopata habari akaniandikia kwa mkono wa Feza: «Nitanawa uso juu ya meza ya nyama?» Lakini najua alifurahi, kwa sababu chini ya barua aliuliza jiwe hilo lina rangi gani.

Mpango wako ulikuwa mzuri. Naukubali sasa, ingawa wakati ule nilikubishia kila kitu. Beseni lisimame pembeni, mguu wake uache nafasi ya kupitisha ufagio. Jiwe likae kati ya beseni na choo, juu ya nguzo mbili za matofali. Juu ya jiwe zikae ndoo, kwa kuwa bomba letu hutoa maji siku linapojisikia, na hivyo Mama Feza asiiname tena kamwe. Na zaidi ya yote, atakapotaka kusimama kutoka chooni, aweke kiganja juu ya jiwe, ajisukume, asimame mwenyewe. Ulisema: «Mama hapendake kushikwa na muntu. Jiwe njo itamushika.»

Kwa hiyo kimo cha jiwe kilikuwa ndiyo kazi yote. Hapo ndipo mlinipiga chenga, wewe na mke wangu.

Nilikupa utepe wangu wa kupimia, ule wa chuma, ukaupeleka Likasi. Mama Feza alipouona alivuta shuka hadi kidevuni. Nilikuwepo. «Baba Feza, mutu anapimiwaka na kamba wakati amekufa!» Nikamwambia ule si kamba, na kwamba mshonaji humpima kila mwaka wala hajafa. Akanijibu bila hata kunitazama: «Mushonaji anapima nguo. Mwashi anapima shimo.» Wewe badala ya kunisaidia ukacheka mpaka ukakohoa. Kisha ukaweka utepe mfukoni, ukamwomba akae kwenye kiti, ukapanda na kiganja chako ubavuni pa kiti, kutoka sakafuni hadi pale mkono wake ulipojiegemeza, shubiri baada ya shubiri, kama mdudu anayepanda ukuta. Ulikuwa unamsimulia habari za mbuzi wako, naye akaendelea kucheka. Hakujua kwamba amepimwa. Au alijua, akakuruhusu.

Ukaandika juu ya kipande cha mfuko wa saruji: «Mama. Mukono: 4 na vidole 2.» Hukuandika sentimita. Hukuandika tarehe. Nilikukemea pale pale, nawe ukaniambia: «Mwalimu, mukono yangu iko na akili.»

Wiki tatu baadaye kifua kilikuzidi.

Sitaandika habari za siku ile. Nitaandika jambo moja tu. Nilisimama karibu wakati wenzako wa msikitini walipokupima kwa unyasi mrefu ili wakachimbe kaburi, nikakumbuka maneno ya mke wangu, na nikatoka nje. Nilikuona umelala, mikono yako imenyooshwa ubavuni. Niliiona mikono hiyo, Assani. Niliiona na sikuitazama.

Baada ya arobaini nikamtafuta fundi mwingine, Kabamba wa Katuba. Ni mtu wa makamo, ana utepe wake mwenyewe, na hasimulii habari za mbuzi. Nikampa karatasi yako, nikamweleza kwamba nne hizo ni shubiri. Aliigeuzageuza akauliza: «Shubiri ya nani?»

Swali hilo lilikuwa sahihi. Mimi nililiona la kijinga. Kwa miaka thelathini nimesimama mbele ya ubao nikiwafundisha watoto kwamba shubiri ni sentimita ishirini na tatu, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, na kidole ni sentimita mbili. Nikachukua kalamu. Shubiri nne, tisini na mbili. Vidole viwili, nne. Jumla tisini na sita. Nikamwandikia kwa hati nzuri, nikapiga mstari chini ya jibu.

Kabamba akajenga. Alipokwisha kupandisha nguzo aliniita: «Mwalimu, jiwe inapita lavabo. Mama atashika namna gani?» Nami nikamjibu kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakipita kwenda kwenye salongo, ile kazi ya kusafisha mtaa: «Fuata karatasi.» Akafuata karatasi. Jiwe likasimama juu kuliko beseni, kama jukwaa la hotuba.

Unajua yaliyofuata, au hujui. Sijui wafu hujua nini. Feza alimleta mama yake kwa gari la jirani. Nilikuwa nimevaa abakosti yangu ya kijivu, lile koti la heshima lisilovaliwa na tai. Nilifungua mlango wa bafu mwenyewe. Kuta zilikuwa nyeupe, sakafu ilikuwa kavu, beseni la Karavia lilikuwa linang'aa, na Mama Feza akasema «Aa!» kwa namna ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku za ujana wetu. Kisha akakaa, akanyoosha mkono kutafuta jiwe. Jiwe lilikuwa usawa wa kidevu chake. Alijaribu kujivuta kutoka juu. Bega lilikataa. Akajaribu tena. Feza akamshika kwapani kumwinua, na nikaona uso wa mke wangu ukijifunga kama dirisha.

Hakulia. Alisema tu: «Hii haiko jiwe ya Assani.» Wakarudi Likasi siku ileile, kabla sijavua abakosti.

Nilimgeukia Kabamba. Nilimwambia mbele ya wasaidizi wake kwamba yeye si fundi bali ni mbomoaji, kwamba mikono yake haistahili kushika hata mwiko wa ugali. Alikusanya vyombo vyake polepole, akaosha mwiko wake wa chuma kwa maji ya ndoo yangu, akaondoka. Laiti angenitukana pia.

Kwa siku nyingi niliishi na bafu zuri lisilofaa kitu. Nilimlaumu Kabamba. Nilikulaumu wewe na karatasi yako isiyo na kipimo cha watu waliostaarabika. Nilimlaumu Mama Feza na kamba yake ya maiti. Nilimwandikia Feza ampime mama yake kwa siri akiwa amelala, jibu likaja: «Mama ameamka. Amesema nikuambie Fundi Assani alimpima, na yeye hapimwi mara mbili.»

Ni kifaranga aliyenifundisha, Assani. Cheka.

Asubuhi moja baada ya mvua nilikaa jikoni nikitazama nje. Kifaranga alikuja kunywa maji kwenye kizingiti, pale ulipomaliza saruji mwaka ule wa kunijengea jiko na kukandamiza kiganja chako wazi, vidole vimetanuliwa, kama ulivyofanya mwisho wa kila kazi. Unakumbuka nilivyokukaripia. Nilikuambia nyumba si daftari la kuchezea, na kwamba siku moja nitaikwangua alama hiyo. Ukanijibu: «Mwalimu, weye unaandikaka jina yako ku bitabu. Miye ni hapa.» Sasa kiganja kilikuwa kimejaa maji ya mvua, na kifaranga alikuwa anakunywa kutoka katika gumba. Alimaliza upesi. Gumba lile ni fupi.

Nilikuwa nimesahau. Miaka ishirini na mbili ya urafiki, na nilikuwa nimesahau kwamba gumba lako lilibaki nusu tangu ulipokuwa kijana mgodini. Ulinisalimia kwa mkono huo kila siku. Ulinipa chai kwa mkono huo.

Nilichukua utepe nikapiga magoti kwenye maji. Sentimita kumi na nane. Nilipima mara tatu kwa sababu sikutaka iwe kweli. Shubiri yako nne ni sabini na mbili. Kwa vidole vyako viwili, sabini na sita. Nilikuwa nimemwekea mke wangu jiwe sentimita ishirini juu ya mkono wake, kwa huo ujuaji wangu.

Nilikwenda Katuba kwa miguu. Mke wa Kabamba alikuwa anakaanga karanga, akanipa kiti bila tabasamu. Kabamba alitoka, akanitazama, akasema: «Mwalimu, leo njo umekuja ku masomo?» Nikamjibu kwamba ndiyo, nimekuja darasani. Nikamwambia kosa ni langu, nikalisema kwa sauti ileile niliyomtukania, ili mke wake asikie na jirani asikie. Kabamba akauliza swali lake la kwanza tena, taratibu: «Shubiri ya nani?» Nikamwambia. Akachukua kofia yake.

Lakini niliogopa kukosea tena. Kwa hiyo nililaza karatasi juu ya kizingiti, nikasugua mkaa mpaka kiganja chako kikajitokeza, nikakikata kwa mkasi. Nikampa dereva wa lori aendaye Likasi. Nilimwandikia Feza: «Mwambie mama huu ni mkono wa Assani. Asipotaka, basi.»

Jibu ninalo hapa mezani. Feza anaandika kwamba mama yake aliweka kiganja chake juu ya kile cha karatasi, gumba kwa gumba, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Halafu akasema: «Huyu anaweza kunipima.» Akaenda kwenye kiti mwenyewe. Feza akapandisha mkono wako kutoka sakafuni. Nne na vidole viwili. Sawasawa.

Kabamba alibomoa nguzo akazijenga upya. Jiwe sasa liko chini kidogo ya ukingo wa beseni, kama ulivyotaka tangu mwanzo, na sasa naona hata kwa macho kwamba ndivyo linavyopendeza. Mama Feza alirudi juzi. Hakutaka nifungue mlango. Nilisimama nje, mkono kwenye kitasa, tayari kuingia kumsaidia. Nilisikia kiganja kikipiga jiwe. Nikasikia akivuta pumzi. Kisha nikasikia miguu yake miwili juu ya sakafu, na sauti yake: «Baba Feza, toka ku mulango.»

Bado nina malalamiko. Bomba halijatoa maji tangu Jumatatu. Mguu wa beseni unavuja kidogo, na Kabamba anasema ni valvu, na valvu hakuna katika mji huu wote. Na wewe hupo nikugombeze. Hilo ndilo kubwa. Hilo sijui nilipeleke ofisi gani.

Nakuahidi kwamba alama yako kwenye kizingiti haitakwanguliwa wala kufunikwa, mimi nikiwa hai. Na baada yangu nimemwambia Feza. Kila mvua ikinyesha nitainama mwenyewe niyatoe maji katika gumba lako, ili vifaranga wakanywe kwingine.

Pumzika, fundi. Mama amesimama.

Mwalimu wako mkaidi