Foronya Nane Ninazokutumia

Chumba cha kushonea,
Nyumbani kwa marehemu mama,
Jumatatu alasiri, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu zikufikie hapo ulipo, wewe na mhandisi wako. Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Uliandika kwamba baridi ya huko inakuingia mpaka kwenye meno, nikakuonea huruma kidogo, siyo sana. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanung'unika nikipanda ngazi za ofisini, lakini kula nakula na kulala nalala. Nimeanza na afya kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Yanayofuata hutayapenda, kwa hiyo kaa kwanza.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Kurasa tatu, na ya maana yote yalikuwa mistari miwili: kwamba utakuja mwezi wa kumi na mbili kufunga ndoa, na kwamba lile gauni jeupe alilokuwa akishona mama nisiliguse, utalivaa wewe. Niliisoma nimesimama mlangoni. Kisha nikaosha vyombo.

Basi wiki hii tumepewa mapumziko, Ijumaa mpaka Jumatatu. Siku nne nzima bila kuona faili hata moja. Wenzangu wa masjala wametawanyika kwa wakwe zao. Mimi nikasema nitapumzika kwa kukipanga chumba cha kushonea, maana tangu mama afariki, miezi saba sasa, nilikuwa nafungua mlango, naangalia, nafunga.

Ijumaa nikatoa kila kitu nje, kwenye baraza. Hujui uchafu wa fundi mpaka utoe kabati lake ukutani. Pini, chaki, vipande vya bitana, miwani miwili iliyovunjika mkono, futi ya kupimia iliyolika mpaka inaanzia namba nne. Nikafagia, nikapiga deki, nikaipaka cherehani mafuta na kuifuta mpaka ikang'aa. Nikaimba hata. Jirani akachungulia akauliza kama nina wageni.

Lile kopo la vifungo lilinichukua nusu siku. Unakumbuka mama alivyokuwa akiweka alama nguo za watu, kwa vile kusoma hakujaaliwa? Kila mteja na kifungo chake, kinaning'inizwa kiunoni kwa ndani: mwalimu mkuu cha mbao, mkunga cha shaba, mke wa mchinja nyama kile chekundu chenye ufa. Sisi wawili hatukuwa wateja, kwa hiyo tulipewa uzi mwekundu. Mimi fundo moja, mkubwa. Wewe mafundo mawili. Sare zetu zilikuwa hivyo miaka yote ya shule, na wewe ulivaa zangu makusudi kwa sababu zilikuwa na mfuko, halafu ukalia mbele ya baba kwamba nimekunyang'anya. Nilichapwa mimi. Leo sikudai, nakukumbusha tu.

Mambo hayo mama aliyaweka kichwani. Mimi ni karani, naamini karatasi. Nimenunua vijikaratasi vya gundi na kila droo nimeiandika kwa herufi kubwa: ZIPU, NYUZI NYEUPE, NYUZI ZA RANGI, LASTIKI, VIFUNGO. Mtu akiingia hata gizani na tochi, hapotei. Mama angenicheka.

Jumamosi ilikuwa ya mizunguko. Mkasi mkubwa nikaupeleka kwa mnoa visu, akaunoa mpaka ukawa unakata unyoya. Nikanunua masanduku mawili ya plastiki yenye vifuniko, nikanunua nyuzi, nikapita sokoni kwa muuza magodoro kuchukua sufi ya kujazia mito. Mwisho nikabeba saa ya ukutani ya mama kuipeleka kwa fundi saa, kwa kuwa ilisimama wiki ile ile ya msiba na hakuna aliyeigusa.

Fundi saa unamjua, usijifanye umesahau. Yule wa kibanda cha bluu nyuma ya duka la dawa, anayefunga kioo jichoni kama kifuniko cha chupa. Mwaka juzi alikuja nyumbani mara tatu kutengeneza saa isiyokuwa na kasoro yoyote, na mara ya tatu akaniletea mkanda wa saa wa ngozi. Nikakupigia simu kukueleza, mjinga mimi, nikiwa na miaka arobaini na minne na moyo unanidunda. Ukacheka. Ulicheka mpaka ukaishiwa pumzi, ukasema, "Dada, yaani umengoja miaka yote hiyo upate mwenye jicho moja?" Nilicheka na wewe. Wiki ile ile nikamwambia asije tena.

Baada ya maziko alikuja mara mbili kutoa pole. Nilimwacha mlangoni.

Jumamosi basi akaipokea saa, akaifungua mgongo, akaniambia itakuwa tayari Jumanne. Nilipogeuka kuondoka akaniuliza, taratibu, kama lile gauni la mama lilimalizika. Nikamjibu halikumalizika, na kwamba ni la mdogo wangu, anakuja kulivaa. Akakitoa kioo jichoni. Akasema, "Nilidhani ni lingine." Nikaenda zangu, nikijiuliza tu maskini huyu gauni la mdogo wangu linamhusu nini.

Sasa tufike Jumapili.

Unajua nilivyolichukia gauni lile? Lilianza mwezi ule ule uliotutangazia posa yako. Jioni nikitoka kazini nilipandishwa juu ya stuli, mikono nimeinua kama mtu aliyekamatwa, pini zikinichoma mbavuni, kwa sababu bibi harusi yuko mbali na dada yake yuko karibu. Mara nne nilisimama. Macho ya mama yalikuwa yameshaanza ukungu, alikuwa anashona kwa vidole. Nilimwambia, mama, yule amenenepa huko aliko, hili litambana. Akasema litamtosha mwenyewe. Kisha akaniambia nisitikisike.

Na unajua alivyokufa? Siku tatu za mwisho alikuwa akikuita wewe. Kitinda, Kitinda. Mkono wake ulikuwa kwenye mkono wangu. Siku ya kwanza nilimwambia hayupo, niko mimi. Siku ya pili na ya tatu niliitika. Wewe ulikuwa unangojea ruhusa ya kazi. Ulituma shada lililoshinda mlango kwa upana, likabaki nje, mvua ikalimaliza kabla ya wageni kuondoka. Hata tarehe ya kuzaliwa kwenye utepe mliikosea.

Halafu unaniandikia nisiliguse.

Jumapili asubuhi nilikunywa chai yangu vikombe viwili. Nikalitandaza gauni juu ya meza ya kukatia, likiwa bado limeshikizwa kwa nyuzi za mkono, pini za mama ziko palepale. Nikalitazama vizuri. Asiyekuwapo na lake halipo, nikasema kwa sauti, nikachukua mkasi ulionolewa. Nilianzia kwenye pindo. Kitambaa kizuri kile hakipigi kelele, kinafunguka tu. Sketi ilikuwa pana, ilitoa foronya sita, na mikono na ubavu vikatoa mbili. Nikakaa kwenye cherehani mpaka jua likapinda. Mishono imenyooka, pembe zimekaa, nimezitia hata ukingo wa lesi ya shingo. Sijawahi kushona vizuri hivyo maishani mwangu. Nilitaka nikutumie zote nane zikiwa zimefungwa utepe, na kikaratasi: zawadi ya harusi kutoka kwa mama. Ungezilalia miaka mitatu, ndipo siku moja nikakwambia. Sikukusudia kukuambia mapema hivi.

Nilipumzika kweli jana. Nakwambia bila haya, nilikuwa na furaha.

Leo asubuhi kilikuwa kimebaki kiuno peke yake, ule mkanda wa katikati wenye bitana. Nikaona nikitumie kutengeneza kijimto cha kuchomekea pini. Nikachukua kifumuo, nikaanza kufumua bitana. Kwa ndani, upande wa kushoto, paliponing'inizwa alama siku zote, ulikuwepo uzi mwekundu.

Fundo moja.

Nililigeuza. Nikalitafuta la pili kwa kucha, kwa sindano, nikatoka nalo barazani kwenye mwanga. Nikajiambia limefumuka. Lakini mama hakuwahi kufunga fundo likafumuka, na unalijua hilo.

Shangazi aliingia saa sita, na mguu wake mbovu, kuniletea mchicha. Akaziona foronya mezani, akauliza kitambaa nimekipata wapi. Nikamwonyesha kiuno. Alikaa kwenye stuli ile ile. Ndipo akanieleza. Fundi saa hakukubali kufukuzwa na mimi. Alikwenda kwa mama. Mama akamwambia asubiri, mkubwa wangu namjua, ukimwambia neno hilo sasa atakataa kwa sababu yangu, atasema nani atanitunza. Wacha nimshonee kimyakimya. Gauni likiisha nitamvalisha, ajione kwenye kioo, halafu wewe ulete watu wako. Shangazi alikuwepo akisikia. Baada ya msiba hakusema kwa sababu alidhani mama alishaniambia, na kwamba ni mimi mwenyewe niliyekataa. "Nilijua unajua," ndilo neno lake, kalirudia mara tatu.

Kwa hiyo lilimtosha mwenyewe. Mwenyewe alikuwa amesimama juu ya stuli amenuna, akilalamika pini.

Sasa nakumbuka kwamba mama hakuwahi hata siku moja kulitaja jina lako juu ya gauni lile. Alisema gauni la binti yangu. Wewe ukajaza jina lako hapo, na mimi nikakujazia, kwa sababu katika nyumba hii kizuri kikitokea tulishazoea ni cha nani. Miaka kumi na tisa nimekaa masjala nikiwafokea vijana wasioangalia ndani ya jalada kabla ya kulipeleka kuchomwa. Na mimi nikakata bila kuangalia ndani.

Nimelia, ndiyo. Nimelia mpaka shangazi akafunga dirisha. Nakuchukia kwa kile kicheko chako, na najichukia zaidi kwa kucheka na wewe. Usinipigie simu kunipa pole. Pole yako itakuwa ya mtu aliyepona.

Na nikikuandikia haya yote, kuna sehemu moja inayonipoza, nitaisema hata kama ni mbaya: hukushonewa kitu. Miaka miwili umejivunia huko kwa marafiki zako kwamba mama yangu kipofu ananishonea gauni kwa vidole. Hakukushonea. Njoo na la dukani, na likikubana nitakutolea pembeni, kazi hiyo naiweza.

Foronya nazituma Jumatano. Zote nane. Sitaki kuziona humu ndani, na wewe huna mito mizuri, nakumbuka ulilalamika. Zifue kwa maji ya baridi, usizianike juani, zitageuka njano. Ukilaza kichwa chako hapo pamoja na mhandisi wako, lala vizuri.

Kesho Jumanne baada ya kazi napita kibandani kuchukua saa. Ataniuliza, au hataniuliza. Nimefungua kabati langu tangu saa nane kutafuta nguo ya kwenda nayo na sina cha kuvaa.

Shangazi anakusalimu, anasema mguu haujambo ukilinganisha na mwezi uliopita. Jirani anakusalimu, pamoja na mkunga, aliyekuwa akikiulizia kifungo chake cha shaba, nimempa. Mpe mhandisi salamu zangu, sina ugomvi naye. Mungu akukinge na baridi, akupe watoto, na akupe angalau mmoja atakayekuwa karibu siku utakayoita jina la mwingine.

Ukija mwezi wa kumi na mbili, ufunguo wa chumba cha kushonea uko palepale, juu ya fremu ya mlango. Droo zote zimeandikwa, chukua unachotaka. Moja tu sijaiandika, ya chini kushoto. Nimeifunga mpini kwa uzi mwekundu, fundo moja. Hiyo usiifungue.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kwa kuwa sina mwingine,

Mkubwa