Umuhati kwenye Mlima wa Baridi

Jumatatu, 15 Machi 1993
Tena kitaluni. Tope hadi vifundoni. Chuo kimefungwa, mimi niliyesimama juu ya meza ya bwalo nikidai ardhi iwe ya wanaoilima, sasa natunza vipando vya ofisi moja hapa mjini, mtaa wa Kimihurura. Mkurugenzi anataka kichaka cha kienyeji cha ua wa kuzungushia mashamba ya mlima mmoja wa kaskazini, ambako umande huganda alfajiri. Umubirizi au umuhati. Uamuzi ni wangu. Nimeufurahia kupita kiasi.

Jumanne, 16 Machi
Umubirizi huota upesi, lakini baridi kali huuua. Umuhati ni mkaidi: mbuzi hawaugusi, na huishi kuliko aliyeupanda. Nimeandika kurasa nne kuutetea. Nimehitimisha kwa fahari: mmea wa kienyeji ni raia asiyehitaji kitambulisho. Nimetia sahihi.

Alhamisi, 18 Machi
Mzee Karoli, mkata vipando, anatoka mlima uleule. Alikimbia vita mwezi uliopita. Analala kambini chini ya turubai. Leo ameuliza vipando vinakwenda wapi. Nikamwambia. Akaweka panga chini.
"Umuhati hapana ua, binti. Iko mpaka. Mtu akipanda kwa shamba yangu, anagawa kama urithi, anasema mimi nimekufa."
Nikamjibu kwamba mimea haina siasa. Akacheka.
"Nyinyi watu ya Biryogo munajua cherehani tu."
Nimekasirika. Baba ni fundi cherehani, mtaani kwetu Biryogo. Nimekasirika zaidi kwa kuwa ni kweli: jina la kisayansi la umuhati nalijua, maana yake kwa wenye mashamba sikuijua.

Ijumaa, 19 Machi
Nimeiona ramani ya mlima ule, ofisini. Mistari mipya, majina mapya. Shamba la Karoli limekatwa vipande vitatu. Jina lake halimo. Ua wangu ndio mpaka. Kumbe mnyang'anyi hahitaji bunduki akishampata msomi. Naona aibu.

Jumatatu, 22 Machi
Nimeandika ripoti upya. Nimesifu umubirizi, nikadanganya waziwazi kwamba unahimili baridi. Ufe wote, mlima ubaki wazi, wenyewe warudi. Mkurugenzi hakuufungua hata ukurasa wa kwanza.
"Madmazeli, sahihi yako ninayo tayari."
Nikahutubia kama bwaloni. Haki, jasho, ardhi, historia itakayotuhukumu. Alisubiri nimalize, kisha akamwita dereva. Akaniambia lori likishapakiwa kesho, nisirudi tena.

Jumanne, 23 Machi
Karoli amevifunga vipando mwenyewe kwa majani ya mgomba, taratibu, asivunje hata chipukizi moja. Nikamwomba asivifunge vizuri hivyo. Akasema mti hauna kosa. Nikachuchumaa, nikamsaidia. Lori limeondoka saa nne, katika mvua nyepesi.
Vitashika mizizi vyote. Nilichagua vizuri.