Trela ya Mutua

Jumamosi.

Andika, Mwende, na usicheke, hata kama Mutua ni bwana yako.

Huyu kijana yangu ako na miaka hamsini na bado anaenda mashindano ya magari. Leo, akienda huko, nilipanda pikapu yake anipeleke Makindu kwa dada yangu. Nyuma tunavuta ile trela refu, na gari ya mashindano juu yake, imefungwa na kamba ya punda. Kwa mteremko trela ikacheza kiuno, ikatusukuma, nikaita Yesu mpaka sauti ikaisha. Nikajua hii ndiyo itamzika.

Kufika mji wa Kiboko, polisi akatusimamisha. Leseni ya Mutua ni ya gari ndogo, si ya kuvuta trela. Taa za nyuma hakuna, amefunga leso yangu nyekundu.

Mutua akasema, "Afande, mama ni mgonjwa, namkimbiza hospitali."

Afande akaniangalia nikitafuna mahindi choma. "Shosho, uko mgonjwa?"

"Mimi niko sawa. Mgonjwa ni huyu."

Trela ikabaki kwa polisi, mashindano ikaenda bila yeye.

"Mwaitu, mama yangu, umenimaliza!" Mutua akalia.

Amenuna tangu hiyo saa, lakini muthokoi ya mahindi na maharagwe amekula sahani mbili. Wacha anune. Maiti hainuni.