Kisu changu cha kwanza na mkono wangu wa kushoto

Jumamosi. Tunduma ina upepo tangu asubuhi, vumbi la malori limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nimerudi nyumbani na hasira na hadi saa hizi hazijaisha.

Kazi ya kitaluni nimeikosa.

Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea. Mama Tumaini ana kitalu cha miche ya maparachichi kule Nanyala. Alikuwa anatafuta mtu wa kubebesha: unachonga kikonyo cha parachichi la kisasa, unakipachika kwenye mche wa kienyeji, unafunga nailoni, unaomba Mungu vishikane. Mimi nilijifunza kwenye simu. Video nimeangalia mpaka bando likanikimbia. Akasema atanipa tuta moja la majaribio, ila nije na kisu changu. Pale kitaluni mtu haazimi kisu cha mwenzake, afadhali aazime viatu.

Basi nikauza spika yangu, nikavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia.

Aisee, nilichagua kile kisu kama mtu anachagua mke. Mezani kwa mama mmoja muuza visu kulikuwa na cha kwanza, chekundu, kina mpaka uma na kifungulia soda. Nikakiacha, hicho cha watalii. Cha pili cheusi, ukibonyeza kinafyatuka chwaa! Mkono uliwasha, nusura nikichukue. Nikakitikisa, bapa likacheza. Nikarudisha. Cha tatu kilikuwa cha kukunja, mpini wa mbao, hakina mbwembwe hata moja. Nikakifungua, nikakitikisa, kimya. Nikanyoa vinyweleo vya mkono. Nikachana karatasi, haikulia.

"Iwe, we kijana, unanunua au umekuja kunyoa?" yule mama akaniuliza. Wote pale mezani wakacheka.

Nikanunua. Usiku ule nililala nacho chini ya mto kama mtoto na kiatu cha Krismasi.

Jumatatu yake nikaingia kitaluni kwa kishindo. Kaka Ezekia, fundi wa siku nyingi pale, akaja kusimama nyuma yangu. Akaangalia mkono wangu, akaangalia kisu, akasema, "Dogo, unataka nikuelekeze kidogo?"

Nikamjibu, "Kaka, hii mimi naijua, nimeshaona wazungu wanavyofanya."

Nilisema hivyo. Mbele ya wadada wote wanaojaza udongo kwenye viriba.

Akaenda zake.

Kisu kilikata, lakini kilikuwa kinapanda juu, kinachimba. Kila kikonyo kikitoka na kibonde katikati, hakilali vizuri kwenye mche. Nikadhani ni ugeni wa mkono, nikafunga nailoni kwa nguvu zaidi. Tuta zima hivyohivyo.

Wiki zikapita. Leo asubuhi nimeenda kuangalia. Vyeusi. Vyote vimekauka kama njiti za kiberiti, isipokuwa kama vinne hivi ambavyo nadhani vimenionea huruma.

Mama Tumaini hakugomba. Angegomba ningepumua. Alisema tu, "Mwanangu, mkono huo wa kushoto labda haujaumbiwa kazi hii," akanigeuzia mgongo. Bibi yangu alinichapa utoto mzima kwa sababu ya mkono huohuo, nisimpe mtu kitu nao, nisile nao ugali. Leo nikaona labda bibi alikuwa sahihi.

Nikiwa natoka, Ezekia akaniomba kisu. Akakifungua, akapitisha kidole kwenye bapa.

"Kisu kizuri sana hiki. Umechagua vizuri kuliko mimi. Ila kimenolewa upande mmoja tu, dogo. Huu mteremko, huu mwingine bapa. Cha mtu wa kulia. Ukikishika kushoto, mteremko ndio unalalia mti, lazima kichimbe."

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza."

"Sasa kaka, mbona hukuniambia?"

"Si ulishaona wazungu wanavyofanya?"

Hakucheka. Hilo ndilo linaniuma, hakucheka hata kidogo.

Nimemchukia njia nzima ya kurudi. Tuta la watu limekufa, yeye kanyamaza kunifunza adabu! Ni haki hiyo? Halafu nikifika kwenye lile jibu langu, naona aibu, narudi kumchukia upya maana ni rahisi zaidi.

Amesema kisu kinaweza kugeuzwa makali. Nikipeleke Jumatatu, ataninolea upande wa pili, na ataniombea tuta jingine kwa Mama Tumaini. Ila sharti nimwombe yeye anielekeze, palepale kitaluni, watu wakiwepo.

Kunoa najua pa kuangalia, video zipo. Jiwe ninalo.

Hivi kweli nitakaa hapa na jiwe langu peke yangu, au nitapanda gari nikaseme mbele ya wale wadada kwamba sijui?