Kiingereza cha Kutembelea York

Mweiga, Jumapili baada ya kanisa

Wendy mwanangu,

Ile orodha uliyoniandikia ya Kiingereza cha kutembelea mji wa kale nikija kwako Uingereza nimeimaliza. Kila asubuhi namsomea Mama Gathogo kwenye foleni ya maziwa, naye ananisahihisha kana kwamba alizaliwa London. Jana nilimwambia kwa Kiingereza kwamba kanisa letu limejaa historia. Akasema lilijengwa juzi, yeye mwenyewe alibeba mawe. Lakini "a stone's throw" imempendeza. Sasa foleni nzima, kitu kikiwa karibu, ni umbali wa kutupa jiwe, hata choo.

Ng'ombe amezaa ndama wa kike. Baba yako ameninunulia koti zito la safari, ati baridi ya huko inashinda ya milima ya Aberdare.

Kwenye orodha kuna ukuta wa kale, kuna vichochoro vya mawe, kuna mnara wa ngazi mia mbili. Nimetafuta mahali pa kusema, "Tuketi hapa kidogo, goti limekataa," nikakosa. Niandikie hiyo kwanza. Baba yako usimwambie, na tiketi yangu ya ndege usiiguse.

Ni mimi mamako,
Warigia