Vitanda Viwili Mjini Lijiang

Rukia, shoga yangu,

Nimekwenda. Najua usingeamini, maana mie hata kwenda Ilford nilikuwa nanung'unika. Lakini nimefika China, nimelala katika ile hoteli aliyotupangia mwanao, na nimerudi salama London, Thornton Heath, ambako mvua inanyesha kama kawaida yake na hapana mtu wa kuigombeza pamoja nami.

Nyumba yako kaunsili, wenyewe wenye nyumba, wameshaichukua. Anakaa mama mmoja wa Kikongo na watoto wake, na mapazia yako ya kijani ameyaacha vilevile. Nikipita pale natazama upande wa pili wa barabara. Kazini hotelini wamenipa mwenzangu mpya, msichana wa Kipolandi, mwema, hana neno, ila hatuna la kusemezana. Tunatandika kimya kimya, yeye upande wake wa kitanda, mie upande wangu. Wewe ulikuwa husemi, ulikuwa unapayuka! Tukimaliza chumba unajitupa juu ya kiti cha mgeni, unavua viatu, unasema, "Ipo siku, Zuhura, na sisi tutatandikiwa." Supavaiza akitokea unaruka kama uliyekalia kaa la moto, na mie nacheka mpaka nashika ukuta.

Sasa sicheki kazini. Nakwambia kweli.

Lakini lililokuwa likininyima raha hasa ni mwanao Salma. Baada ya khitma yako alirudi kazini kwake Shanghai, akanyamaza. Simu hapana, salamu hapana. Wewe unajua mie sikujaaliwa mtoto. Huyu nimemfunga nepi, nimempeleka skuli kwenye baridi ulipokuwa zamu ya asubuhi, nimemsuka nywele analia. Ila kwa damu mie si kitu kwake. Nikawa najiuliza, shoga wa mama, mama akishakufa, anabaki nani? Jirani tu. Niliogopa kumpigia nisije nikasikia katika sauti yake kwamba ananivumilia. Nilikuwa nimeshakuzika wewe, na nilihisi nakaribia kumzika na yeye, yu hai.

Siku moja akapiga mwenyewe. "Auntie, ile booking ya Mum ya Lijiang bado ipo. Uje, please." Auntie! Mtoto aliyezoea kuniita Mamdogo. Nikasema nitakuja, nikakata simu, nikakaa jikoni na koti langu mwilini.

Hiyo hoteli, Rukia, ungeipenda na ungeitoa kasoro. Imejengwa kandokando ya mji mkongwe wa Wachina, mapaa ya vigae vya kijivu yamebebana mpaka juu kilimani, na kwa mbali mlima una theluji. Ukitoka lango la hoteli unaingia moja kwa moja kwenye vichochoro vya mawe, na pembeni ya kila kichochoro pana mfereji wa maji safi, unaona mpaka changarawe. Nilikumbuka vichochoro vyetu vya Malindi, watu kupishana mabega, ila huku hapana anayekwambia "Hujambo, watoka wapi?" Nilitembea mji mzima bila kusalimiwa. Kwingine ni maduka ya watalii, lakini nyuma ya soko tukaona mgahawa una maandishi ya Kiarabu mlangoni, Waislamu wa kwao, tukala tambi na nyama ya ng'ombe. Salma alikula kwa adabu. Kila kitu alikifanya kwa adabu. "Uko comfortable, Auntie? Unahitaji kitu?" Ananiangalia kama mgeni wa ofisini kwake.

Chumba changu kilikuwa kile kile alichotuwekea mie na wewe. Vitanda viwili. Yeye alilala chumba cha jirani. Nililala nimekipa mgongo kitanda chako, na sikulala sana.

Asubuhi nikafanya nini? Wewe umeshajua. Niliamka nikakitandika kitanda changu, kona zimekaa sawasawa, mto nimeupiga makofi. Nikasugua beseni la kuogea, nikakausha kioo, nikakunja taulo kwa mikunjo yetu. Nilimwonea huruma huyo atakayekuja, mgongo wake naujua kama ninavyoujua wangu. Kesho yake nikafanya vilevile, na siku iliyofuata.

Basi, mlango ukagongwa. Meneja na suti yake, nyuma yake mfanyakazi wa vyumba, mama wa makamo yetu, macho mekundu. Meneja anainama, anaomba radhi, mie sielewi. Salma akatoka chumbani kwake kutafsiri, na nikamwona uso unambadilika. Kumbe hoteli imeona mgeni anajisafishia chumba mwenyewe kila siku, wakaamua kuwa mgeni kakasirika, kwamba kazi ya yule mama haimridhishi. Walikuwa wanataka kumwondoa ghorofa yetu.

Rukia, nilihisi ardhi inanimeza. Nikamshika yule mama mikono yote miwili. Nikamwambia Salma, "Waambie na mie kazi yangu ndiyo hii. Waambie hana kosa hata moja." Salma akasema Kichina chake. Yule mama akageuza viganja vyangu, akavitazama, akapitisha kidole kwenye sugu, akacheka huku machozi yanamtoka. Meneja naye akatabasamu, mambo yakaisha, wakaenda zao.

Tukabaki mie na mwanao. Nilingoja anifokee kwa kumwaibisha. Akakaa juu ya kitanda chako, akaangalia zile taulo, akasema, "Mamdogo, Mum naye angefanya the same."

Halafu akalia. Mtoto hakulia makaburini, wala kwenye khitma. Alilia hapo, kwa sauti, kama alipokuwa mdogo. Nikamkumbatia. Katika kilio ndipo akalitoa lililomkaa moyoni: ndege yake ilichelewa, ukafa hajafika, na mie ndiye niliyekushika mkono. Alidhani nimemkasirikia. "Hukunipigia," akaniambia, "nikajua hutaki kuniona." Na mie nikamwambia nilichokuwa nikikiogopa. Tulikuwa wajinga wawili, kila mmoja anamkimbia mwenzake huku anamlilia.

Usiku huo hakurudi chumbani kwake. Alilala katika kitanda chako, akaniuliza habari zako mpaka usingizi ukamchukua katikati ya sentensi yangu. Asubuhi tulitoka kwenda mjini tukaviacha vitanda vyote vurugu, mashuka chini, mito imezagaa. Nilitaka kugeuka, akanivuta mkono. Na vichochoro vilevile vilivyokuwa vimeniponda moyo, siku hiyo nikaviona vizuri.

Usifikiri upweke umekwisha. Bado nikisikia jambo la kuchekesha kwenye basi nageuza shingo nikuambie. Bado napika wali wa watu wawili. Shanghai ni mbali, na mtoto ana kazi yake na maisha yake, hawezi kuwa wewe, wala sitaki awe.

Lakini mwezi ujao anakuja London, na safari hii hana nyumba ya mama ya kufikia. Aliniuliza kwa simu kama nadhani apange hoteli. Nilikwenda kwa yule fundi wa viatu na funguo wa hai striti, penye maduka, nikamchongeshea Salma ufunguo wa mlango wangu, nikamtumia kwa posta.

Pumzika, shoga yangu. Mungu akupe nuru na nafasi hapo ulipo. Na mie nakuahidi hili moja: maadamu nina pumzi na nina mlango, mtoto wako hatapiga hodi kwangu.

Wako,
Zuhura